Beryl Markham: Dunia yamkumbuka kwa ndege, Nairobi yamkumbuka kwa farasi

Na MWANDISHI WETU

BARABARA ya Racecourse jijini Nairobi haina farasi. Ina matatu, mikokoteni, wachuuzi na watu wanaoharakisha kwenda Gikomba, Kariokor na Ngara kutafuta riziki. Wengi wanaoipita kila asubuhi hawajiulizi jina hilo lilitoka wapi.

Jibu ni rahisi. Zamani farasi walishindana upande huo wa mji. Mbio za farasi zilianza Nairobi mwaka wa 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika hapo. Uwanja wa Kariokor ulitumika hadi 1954, mashindano yalipohamishiwa Barabara ya Ngong, yalipo mpaka leo.

Katika historia ya viwanja hivyo viwili kuna mwanamke mmoja ambaye jina lake linajulikana kote ulimwenguni, lakini kwa jambo jingine kabisa. Huyo ni Beryl Markham. Mtaje Uingereza au Marekani, nawe utaambiwa ni yule rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1936.

Ni kweli alivuka. Hata hivyo, safari ile ilichukua saa 21 na dakika kadhaa. Kazi yake ya farasi ilianza utotoni. Alipata leseni ya mkufunzi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na alipofariki mwaka wa 1986 alikuwa akiishi katika nyumba iliyo ndani ya uwanja wa Ngong. Ukitoa miaka aliyoitumia angani na ng'ambo, bado unabaki na maisha mazima yaliyopimwa kwa kwato, tandiko na hatamu.

Tena si maisha ya mtu mmoja. Nyuma ya kila farasi aliyeshinda alikuwepo saisi, yule anayemlisha, anayempiga brashi na kumkanda miguu. Saisi mmoja katika maisha ya Bi Markham, kijana kutoka jamii tunazoziita leo Wakalenjin, anastahili kutajwa katika pumzi moja naye. Tutamfikia.

Malezi ya Njoro

Beryl Clutterbuck, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi tangu ujana. Alikuja Afrika Mashariki Waingereza walipokuwa wakiwagawia walowezi ardhi ya Bonde la Ufa, akafanya kazi kwa Lord Delamere, kisha akapata shamba lake mwenyewe huko Njoro. Akajenga kinu cha kusaga nafaka, mashine ya kupasulia mbao na, zaidi ya yote, mabanda ya farasi.

Mama mtu hakuyaweza maisha hayo. Alirejea Uingereza pamoja na mtoto wake wa kiume, Beryl akabaki na baba. Baba alishinda kinuni na mabandani, hivyo binti akalelewa kwa sehemu kubwa na familia za Kiafrika zilizofanya kazi shambani. Alijifunza Kiswahili na lugha za watu wa pale pamoja na Kiingereza chake. Alifundishwa kurusha mkuki, kupigana mieleka na kuwinda porini bila viatu. Shuleni hakukaa sana, na walimu hawakumsikitikia alipoondoka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana wa rika lake aliyeitwa Kibii. Waliwinda pamoja, wakaanguka na kuinuka pamoja. Kibii alipotahiriwa na kuwa mtu mzima kwa mila za kwao, alipewa jina la arap Ruta.

Chuo kikuu cha Beryl kilikuwa banda la farasi. Kabla hajafikisha umri wa kuolewa alikwisha kujua kumzalisha jike la farasi usiku, kumtuliza farasi dume mkali na kutambua kwa mkono tu ni mguu upi unaouma. Baba yake hakumwonea huruma kwa kuwa ni msichana. Kazi ilikuwa kazi.

Kisha mkosi ukaja. Clutterbuck alikuwa amejifunga kwa mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyowekwa mapema. Mvua ikakosekana, bei ya nafaka ikapanda, naye akakataa kuivunja ahadi yake. Kila gunia lilimletea hasara, mpaka shamba likafilisika. Yeye akaenda Peru, Amerika Kusini, kufundisha farasi wa matajiri wa huko. Binti yake, aliyekwisha kuolewa mwaka wa 1919 akiwa na umri wa miaka 16 tu, alikataa kuiacha nchi aliyoijua. Alibakiwa na farasi wake mmoja, ujuzi wa baba, na ndoa ambayo haikudumu.

Leseni mkononi

Akiwa na umri wa miaka ipatayo 18, Beryl alipata leseni ya mkufunzi wa farasi wa mbio. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa leseni hiyo nchini Kenya.

Ili kuuona uzito wa jambo hilo, tazama hali ilivyokuwa Uingereza kwenyewe, mchezo ulikotoka. Huko chama kinachosimamia mbio kilikataa katakata kuwapa wanawake leseni. Mwanamke aliyekuwa na farasi wake na mabanda yake alilazimika kutumia leseni ya mwanamume aliyemwajiri, yeye akifanya kazi na jina la mwingine likiandikwa gazetini. Ilibidi mwanamke mmoja, Florence Nagle, akishtaki chama hicho mahakamani ndipo kikalegeza msimamo, na hiyo ilikuwa 1966. Kwa hivyo msichana wa Njoro aliitangulia London kwa zaidi ya miaka 40.

Leseni, hata hivyo, si chakula. Wenye farasi wengi walikuwa wanaume walowezi, na walisita kumkabidhi msichana mnyama wa thamani kubwa. Alianzia nyanda za baridi za Molo kwa farasi wachache. Baadaye akahamia uwanja wa mbio wa Nakuru, na kwa kuwa hakuwa na nyumba, alilala katika kijumba chini ya jukwaa la watazamaji. Farasi wake walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa na msaidizi mmoja ambaye hakumwacha. Arap Ruta alikuwa amemfuata.

Ruta, rafiki aliyegeuka mtumishi

Hapa inafaa tutue kidogo, maana ndipo palipo na kiini cha habari hii.

Ruta alipomfuata Beryl kazini hakuja kama mgeni. Walikuwa wamekua pamoja, wakila pamoja na kushindana kama ndugu. Lakini Kenya ya wakati ule ilikuwa koloni, na koloni lilikuwa na ngazi zake. Mtoto mweupe na mtoto mweusi waliruhusiwa kupigana mieleka vumbini. Walipokuwa watu wazima, mmoja alipaswa kuwa bibi na mwingine mtumishi. Ruta sasa akamwita Beryl "Memsahib".

Bi Markham mwenyewe aliliona badiliko hilo na akaliandika katika kitabu chake, West with the Night, kilichotoka mwaka wa 1942. Haonyeshi kwamba alilipinga. Analieleza kama mtu anayeangalia mlango ukifungwa na hajui nani aliyeufunga.

Katika kazi, Ruta alikuwa mkono wake wa kulia. Mkufunzi huwa na leseni, huzungumza na wenye farasi na kuamua mazoezi. Lakini ni saisi anayelala karibu na farasi. Ndiye hujua kwamba jana farasi aliacha chakula, kwamba leo amekataa kulalia ubavu wa kushoto, kwamba masikio yake hayasimami kama kawaida. Mkufunzi asiyemsikiliza saisi wake hupigwa na mshangao siku ya mashindano. Bi Markham alimsikiliza Ruta, na Ruta hakuwa mtu wa kubahatisha.

Alipoanza kurusha ndege, Ruta alihamia naye huko pia, akawa mlinzi wa ndege kama alivyokuwa mlinzi wa farasi. Beryl alipofungasha mwaka wa 1936 kwenda Ulaya, Ruta alibaki. Vitabu vya rekodi za anga havimtaji, na vya farasi vilevile. Tunamjua kwa sababu moja tu, kwamba Beryl alijua kuandika na akaamua kumwandika. Ni masaisi wangapi waliofanya kazi kama yake ambao mabwana zao hawakuandika kitu?

Miguu ya Wise Child

Mbio zilizomtambulisha Beryl kwa koloni zima ni za St Leger ya Kenya za mwaka wa 1926, zilizokimbiwa Nairobi.

Kama anavyosimulia mwenyewe, alikuwa akimfundisha farasi dume aitwaye Wrack, ambaye wengi walimpigia hesabu ya ushindi. Wiki chache kabla ya mashindano, mwenye farasi alitiwa maneno kwamba si busara kumwachia msichana mnyama kama yule. Wrack akachukuliwa na kupelekwa kwa mkufunzi mwingine, kazi yote ikiwa imekwisha kufanywa.

Beryl akabaki bila farasi wa kushindana. Ndipo alipopewa Wise Child, jike mwenye damu nzuri na mbio nyingi lakini aliyekuwa na kasoro moja kubwa. Kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika.

Msomaji asiyejua farasi anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500 na anaweza kukimbia kilomita 60 kwa saa. Kuanzia goti kwenda chini mguu wake hauna misuli. Una mfupa, ngozi na kano nyembamba kama kamba. Katika kila hatua ya kasi kuna nukta ambapo uzito wote huo hutua juu ya mguu mmoja. Kano ikichanika hupona polepole sana, na hata ikipona hairudii nguvu yake ya kwanza. Ndiyo maana mkufunzi hupapasa miguu kila alfajiri akitafuta joto. Joto katika kano ni kama moshi unaotoka kwenye paa la makuti.

Wise Child alihitaji mazoezi ya kumpa pumzi ya karibu kilomita tatu, lakini kila hatua kwenye ardhi ngumu ingemmaliza. Beryl na Ruta walimkimbiza kwenye ardhi laini ya kandokando ya ziwa. Wakamkanda miguu asubuhi na jioni, wakamfunga bendeji, wakamwongezea kazi kwa kipimo cha mfamasia. Hapakuwa na wiki za kutosha, na hilo wote wawili walilijua.

Siku ilipofika, Wise Child alipandwa na kijana Sonny Bumpus. Jike yule aliongoza na Wrack akamfuata. Miguu ikaanza kumlegea mbele ya jukwaa, watu wakaona. Lakini alikataa kupitwa. Alimaliza wa kwanza, Wrack akawa wa pili. Beryl anasimulia kwamba mshindi huyo hakuweza kukimbia tena baada ya siku ile.

Ushindi huo ulimfanya mkufunzi, na bei yake ikalipwa na miguu ya mnyama. Mtu anayeipenda kazi hii lazima aishi na hesabu hiyo, na waliomjua Bi Markham wanakubaliana kwamba hakuwa mtu wa kujidanganya.

Kazi isiyojua Jumapili

Kwa wengi wetu mbio za farasi ni mchezo wa dakika mbili au tatu, kofia za kifahari na watu wa kamari. Hizo dakika ni kama ncha ya mkuki. Mti wenyewe ni kazi ya mwaka mzima.

Siku huanza kabla ya jua. Masaisi husafisha mabanda, huwapa farasi nafaka, pumba na nyasi kavu, kisha huwatandika. Farasi wapandaji hupelekwa mazoezini hewa ikiwa bado baridi. Wengine huenda matembezi, wengine mwendo wa shoti, na wachache hukimbizwa kwa kasi kamili, kwa kuwa farasi akimaliza mbio zake zote mazoezini, siku ya mashindano hana akiba. Baada ya hapo huogeshwa, hupigwa brashi, hulishwa tena. Fundi wa viatu vya farasi huja kupima kwato. Daktari wa mifugo huitwa. Jioni mkufunzi hupita banda hadi banda na kupapasa miguu upya. Hakuna sikukuu, kwani farasi hajui Krismasi wala Idi.

Afrika Mashariki ina adui zake pia. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi, vijidudu vidogo vinavyouma hasa nyakati za giza. Punda milia huubeba bila kuumwa, lakini farasi aliyeletwa kutoka nje anaweza kufa katika siku chache. Mbung'o nao huleta ugonjwa wao. Ndiyo sababu moja wafugaji wa farasi walipenda nyanda za juu zenye baridi kama Molo na Njoro, na ndiyo sababu farasi hufungiwa bandani kabla ya magharibi.

Kuna pia siasa za uzani. Katika mashindano mengi farasi mwenye nguvu hubebeshwa mzigo zaidi, vipande vya risasi vikiwekwa pamoja na tandiko ili wanyonge nao wapate nafasi. Mpanda farasi huishi akijinyima chakula ili asizidi uzani. Mkufunzi hukesha akikokotoa kilo. Mwenye farasi hungoja ushindi wa kufidia gharama, na mara nyingi hauji.

Farasi hao wenyewe wana asili inayotugusa. Aina hii ya mbio ilistawishwa Uingereza kutokana na madume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki karne ya 17 na ya 18, wakiwemo Darley Arabian na Godolphin Arabian. Hata neno letu la saisi tumelipata kwa Waarabu. Mchezo ulikuja kwa meli ya Mwingereza, lakini mizizi yake iko karibu nasi kuliko alivyodhani.

Angani, ng'ambo na kurudi

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Beryl aliingiwa na hamu ya ndege. Alifundishwa na rubani Tom Campbell Black, akapata leseni ya biashara mwaka wa 1933, akawa anabeba barua, wagonjwa na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akilenga New York. Alipigana na upepo wa mbele na giza, mafuta yakaacha kufika kwenye injini, akatua kwa kishindo katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, damu ikimtoka kichwani. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua njiani. Magazeti yakamjaa.

Akaenda kuishi Marekani. Mwaka wa 1942 akatoa kitabu chake. Mwandishi Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua ya faragha, lakini dunia ilikuwa vitani na kitabu kikasahauliwa. Ndoa ya tatu nayo ikavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alirudi Kenya, akikaribia umri wa miaka 50, bila mali na bila farasi.

Mtu mwingine angetafuta mahali pa kupumzika. Yeye alitafuta mabanda. Alianza upya, kwanza kwa farasi wachache, kisha kwa wengi. Katika miaka ya 1950 na 1960 akawa mkufunzi aliyeogopwa kuliko wote nchini. Farasi wake, miongoni mwao jike mashuhuri Niagara, waliondoka na vikombe vikubwa. Waandishi wa maisha yake wanahesabu kwamba alishinda Derby mara sita.

Tusimfanye malaika. Waliofanya kazi naye walimweleza kuwa mkali, mwenye kudai mengi na mwepesi wa kusahau madeni. Aliwatendea farasi kwa subira ambayo binadamu wengi hawakuipata kwake. Lakini hakuna aliyesema hakuijua kazi yake.

Katika miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini kujaribu bahati. Huko mambo hayakumwendea vyema, akarejea Nairobi. Kenya aliyoirudia ilikuwa huru. Walowezi wengi walikuwa wamefunga virago, na mashamba waliyofugia farasi yalikuwa yamegawanywa. Waliobaki katika mbio walilazimika kujifunza kwamba mchezo huu hautaishi tena kwa ajili ya watu wachache wa ngozi moja.

Uzee kando ya uwanja

Kuna msemo kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Bi Markham aliona pia kwamba vikombe haviliwi. Wakufunzi kama yeye hawakuwa na pensheni. Mapato yalitoka kwa wenye farasi, na wenye farasi humfuata anayeshinda leo.

Jockey Club of Kenya ilimpa nyumba ya kuishi katika uwanja wa Ngong. Huko ndiko alikokaa miaka yake ya mwisho, karibu na sauti ya kwato. Fedha zilikuwa chache. Majambazi waliwahi kumvamia nyumbani na kumpiga vibaya. Mwandishi wa habari wa kigeni aliyemtembelea alimkuta mwanamke mashuhuri akiishi maisha ya dhiki.

Alichookolewa nacho hakikuwa farasi wala ndege, bali kitabu. Barua ya Hemingway iligunduliwa na msomaji mmoja wa California, kitabu kikatafutwa na kuchapishwa upya mwaka wa 1983. Safari hii kiliuzwa kweli. Miaka miwili baadaye ilitoka filamu ya Out of Africa, watu wakazidi kuulizia habari za Kenya ya zamani, na Bi Markham akapata kipato cha kumtunza. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 83.

Hadi leo shimo moja la sayari ya Zuhura limepewa jina la Markham. Ni heshima ya rubani. Heshima ya mkufunzi ni ndogo zaidi, nayo imo katika orodha za washindi ambazo watu wachache huzisoma.

Kijitabu cha mbio

Mbio bado zinaandaliwa Ngong. Mambo mengi yamebadilika. Wapanda farasi Waafrika, ambao zamani wangeishia bandani, leo ndio wanaopanda na kushinda, na wapo waliopanda ngazi hadi kuwa wakufunzi wenye leseni. Jumapili ya mashindano utakuta familia za kila rangi zikiwa zimetandika shuka nyasini, watoto wakisubiri kuona farasi.

Lakini chukua kijitabu cha mbio, kile kinachotolewa siku ya mashindano, ukisome. Utaona jina la farasi, umri wake na uzani atakaoubeba. Utaona jina la mwenyewe, la mkufunzi na la mpandaji. Utaona hata baba na mama wa farasi, ili mchezaji kamari ajue damu anayoiwekea shilingi zake. Jina ambalo kwa kawaida hutaliona ni la saisi. Farasi ana ukoo uliochapishwa. Aliyeamka saa kumi alfajiri kumlisha hana hata mstari.

Bi Markham alikuwa na leseni, ngozi iliyomfungulia milango, baba mjuzi na kalamu nzuri. Pamoja na hayo yote, kazi ilimwacha katika nyumba ya hisani, akiokolewa na bahati ya kitabu. Sasa mfikirie aliyekaa miaka 30 au 40 katika kazi hiyohiyo bila hata kimoja kati ya hivyo. Ufundi wa saisi hauwezi kuwekwa benki. Hukaa mikononi, na mikono huzeeka.

Wenye farasi na wasimamizi wa mchezo huu wana deni hapa, na si deni kubwa la kuwashinda. Mkataba wa maandishi, michango ya uzeeni, matibabu kwa anayepigwa teke na mnyama wa kilo 500, na jina kwenye kijitabu. Kuna nchi ambako saisi wa farasi mshindi huitwa mbele na kupewa zawadi yake. Hilo halimpunguzii mwenye farasi utukufu.

Wakati wa St Leger ya 1926 watu waliokuwa jukwaani walimshangilia Sonny Bumpus na wakalitaja jina la Beryl. Miguu ya Wise Child ilikuwa imekandwa na wawili, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Mmoja wao aliitwa arap Ruta.